Hollywood na sinema za wengine: mlango uko mkononi mwa nani?

Mei 4, 2025, Rais wa Marekani Donald Trump alitangaza mtandaoni kwamba anataka filamu zote zinazotengenezwa nje ya nchi yake zitozwe ushuru wa asilimia 100 zikiingizwa Marekani. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo akairudia kauli hiyo. Kwenye kundi letu la WhatsApp simu hazikulala. Mmoja akasema Wanaijeria ndio basi tena. Mwingine akafurahi: Wakorea wakifungiwa kule, tamthilia zao zitashuka bei huku. Kisha kaka mmoja anayepiga kamera kwenye maharusi na matangazo, mtu asiye na maneno mengi, akaandika: "Jamani, kwanza filamu ya nje ni ipi?"

Kundi likapoa. Nami sikuwa na jibu la haraka. Lakini nikiliangalia lile swali naona limegusa penyewe, maana tumezoea kuzungumza kana kwamba filamu za Marekani ziko upande huu na za mataifa mengine upande ule, kila moja na uwanja wake. Zimeingiliana tangu zamani. Na ugomvi mkubwa wa miaka mia hii umekuwa juu ya mlango wa ukumbi: nani anaamua picha gani iingie, ikae siku ngapi, na fedha za tiketi ziende wapi.

Tuanze na maneno yenyewe. Hollywood ni mtaa wa jiji la Los Angeles, ila watu wakilitaja jina hilo wanakusudia kampuni chache kubwa, ambazo kwa miaka ya karibuni ni Disney, Warner Bros., Universal, Paramount na Sony. Kampuni hizi zina kazi tatu: kutafuta fedha, kutengeneza filamu na kuisambaza. Hiyo ya tatu ndiyo wengi wetu hatuijui. Msambazaji ndiye anayeongea na wenye kumbi, anayepanga tarehe ya filamu kutoka, anayebandika mabango na kulipia matangazo, kisha anakusanya fungu lake kwenye kila tiketi. Tasnia ya filamu ya taifa lolote, iwe Ufaransa, Korea Kusini au Tanzania, nayo inazihitaji kazi zote tatu, na mara nyingi hiyo ya usambazaji iko kwa mtu baki.

Anayewajua wakulima wa Lushoto ataelewa upesi. Unaweza kulima nyanya nzuri kuliko za wilaya nzima. Kama lori si lako na meza ya sokoni si yako, bei ataipanga dalali, na siku akiwa na mzigo wa mwingine zako zitaozea shambani. Hollywood inalima, tena inalima vizuri, lakini lori ni lake na meza ni yake.

Wengi wanaamini Marekani ilianza na wengine wakafuata. Haikuwa hivyo. Desemba 28, 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu kwa watu waliolipa kiingilio katika mkahawa mmoja wa Paris. Hadi kufikia mwaka 1914 kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara hiyo ilikuwa Pathé, ya Ufaransa, na Wamarekani wenyewe walijaa kumbini kutazama picha zake. Italia na Denmark nazo zilikuwa na jina. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Waigizaji na mafundi wakaenda jeshini, na viwanda vya mikanda ya picha vikageuzwa vya baruti, kwa kuwa malighafi ilikuwa ni ileile. Marekani iliingia vitani mwaka 1917, na hakuna bomu lililoanguka kwenye studio zake, ambazo tayari zilikuwa zimehamia California kufuata jua la mwaka mzima. Ziliendelea kutoa picha wiki baada ya wiki. Ulaya ilipoinua kichwa mwaka 1918, ilikuta meza zote sokoni zina mwenyewe.

Na huyo mwenyewe hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Adolph Zukor wa Paramount na William Fox walizaliwa Hungaria. Carl Laemmle wa Universal alitoka Ujerumani. Walikuwa wahamiaji wenye biashara ndogondogo za manyoya na nguo kabla ya kufungua vijumba vya kuonyeshea picha kwa kiingilio cha senti chache, na wateja wao walikuwa watu wa kila taifa waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza. Nadhani hapa pana sababu ambayo hutajwa kidogo: Hollywood ilijifunza kusimulia kwa watu wasio na lugha moja kabla haijavuka hata mpaka wa nchi yake.

Sasa tuje kwenye lori na meza. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulipokuwa ukienda dukani kutafuta sukari unaambiwa uchukue na kitu kingine kisichotoka, la sivyo sukari hupati. Studio za Marekani zilifanya biashara ya namna hiyo kwa miongo. Mwenye ukumbi akitaka picha ya stelingi anayependwa, alichukua fungu zima, pamoja na picha ambazo hata hajaziona. Kalenda yake ikajaa. Akija mtengenezaji wa nchini na picha yake mkononi, anaambiwa arudi mwakani.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya studio hizo: mtindo wa fungu ukakatazwa, na studio zikalazimika kuachana na kumbi walizozimiliki. Hukumu hiyo inasifiwa sana, na inastahili. Ila ilihusu biashara ya ndani. Kwa ng'ambo kulikuwa na sheria ya mwaka 1918 inayoziruhusu kampuni za Marekani kushikana mikono zinapouza nje, jambo ambalo nyumbani lingezifikisha mahakamani. Chini ya mwavuli huo, mwaka 1945 studio ziliunda chama cha pamoja cha kuuza filamu nchi za nje. Serikali ya nchi fulani ikiketi mezani, haikuwa inabishana na Paramount leo na Universal kesho. Ilikabiliana nazo zote kwa sauti moja, na zikisusa, zinasusa pamoja.

Uingereza ililijua hilo kwa uchungu. Agosti 1947 serikali yake, ikiwa haina dola baada ya vita, iliweka ushuru wa asilimia 75 kwenye mapato ya filamu za kigeni. Hollywood ikajibu kwa kuacha kabisa kupeleka filamu mpya. Watengenezaji wa Uingereza wakakopa na kukimbizana kujaza pengo, wakiamini mlango umefungwa muda mrefu. Machi 1948 serikali ikalegea na ushuru ukaondolewa. Filamu za Marekani zilizokuwa zimelundikana zikamiminika kwa mkupuo, na picha za Waingereza zilizotengenezwa kwa haraka zikazama humo. Kwa hiyo ushuru wa filamu uliopigiwa kelele mwaka 2025 si wazo jipya. Mara ile ulielekezwa kwa Marekani, na nchi iliyoutoza ndiyo iliyoumia zaidi.

Kabla ya kufika Ufaransa, niseme jambo la bei, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi wanaosema "kama filamu zetu zingekuwa nzuri zingeuzika." Filamu ni bidhaa ya namna yake: karibu gharama yote iko kwenye nakala ya kwanza. Marekani ina soko kubwa nyumbani, la watu wenye uwezo wa kulipa, na kwa muda mrefu gharama ilirudi hukohuko kabla picha haijapanda meli. Ikishavuka bahari, inauzwa kwa bei yoyote na bado ni faida. Hii ni habari ya mtumba na fundi cherehani. Shati la mtumba limeshalipiwa na mvaaji wa kwanza. Fundi wako anatakiwa alipe kitambaa, vifungo, uzi na umeme kabla hajakutajia bei, halafu wewe unamwambia mbona ghali. Kituo cha televisheni cha nchi maskini kinapochagua kati ya kununua tamthilia ya nje na kutengeneza ya kwake, kinapiga hesabu hiyohiyo.

Siku hizi hesabu imegeuka kiasi, kwa kuwa filamu kubwa zimekuwa ghali mno kurudisha fedha nyumbani peke yake. Avatar ya mwaka 2009 imekusanya karibu dola bilioni 2.9, na zaidi ya bilioni 2 zimetoka nje ya Marekani na Kanada. Hollywood inatuhitaji sasa kuliko zamani. Angalia filamu zake kubwa: milipuko mingi, vichekesho vya maneno vichache, maana mlipuko hauhitaji mkalimani.

Na kwa wingi wa filamu, Marekani haiongozi. Takwimu za UNESCO za mwaka 2006 ziliiweka India mbele kwa filamu 1,091, Nigeria ikafuata na 872, nyingi za video, na Marekani ikawa ya tatu na 485. Tofauti iko kwenye umbali zinakofika, na fedha zinazorudi.

Ufaransa ndiyo nchi iliyoufikiria mlango huu kwa kina kuliko nyingine za Ulaya. Mei 1946, ikiwa imefilisika kwa vita, ilituma wajumbe Washington wakiongozwa na Léon Blum kuomba msamaha wa madeni na mkopo mpya. Walipata. Katika makubaliano hayohayo mlikuwa na kipengele cha sinema: kumbi za Ufaransa zingetenga wiki 4 katika kila wiki 13 kwa filamu za Kifaransa, na zilizobaki zingekuwa wazi kwa yeyote. Watu wa sinema wa Paris walilipokea kama msiba. Mwanzoni mwa 1948 waigizaji maarufu waliandamana mitaani bega kwa bega na mafundi wa taa na washona mavazi, na mwaka huohuo masharti yakarekebishwa, wiki 4 zikawa 5.

Lakini kilichoiokoa sinema ya Ufaransa, kwa maoni yangu, si zile wiki 4 wala 5. Ni tiketi. Tangu mwaka 1948 kila tiketi ya sinema inayokatwa nchini humo inakatwa kodi maalumu, ambayo leo ni asilimia 10.72, na fedha hiyo haiendi kwenye mfuko wa jumla wa serikali. Inakwenda kwa taasisi ya sinema ya taifa, CNC, iliyoundwa Oktoba 1946, ambayo inairudisha kwa watengenezaji wa filamu na wenye kumbi. Sasa fikiria kijana wa Marseille aliyekata tiketi ya euro 10 kumwona shujaa wa Kimarekani akipaa angani. Euro 1 na senti 7 za tiketi hiyo zinaingia kwenye mfuko unaosaidia filamu ya Kifaransa itakayopigwa mwakani. Kadiri Hollywood inavyojaza kumbi za Ufaransa, ndivyo inavyochangia sinema ya mwenyeji wake. Hakuna filamu iliyozuiwa, hakuna mtazamaji aliyepangiwa cha kutazama. Nikisikia mtu anasema kulinda sinema ya nyumbani maana yake ni kufungia watu ndani, huwa natamani nimwonyeshe tiketi hiyo.

Ni Ufaransa hiyohiyo iliyosukuma hoja kwamba filamu haifai kuhesabiwa kama magunia ya ngano katika mikataba ya biashara huria. Mwaka 1993 Ulaya ilikataa kuiingiza sinema na televisheni kwenye makubaliano ya dunia yaliyokuwa yanakamilishwa, na Marekani ikakasirika sana. Mwaka 2005 UNESCO ikapitisha mkataba wa kulinda aina mbalimbali za utamaduni kwa kura 148. Zilizopinga ni nchi mbili, Marekani na Israeli.

Nchi niipendayo kuisimulia ni Korea Kusini, kwa sababu hapo kila nadharia rahisi inavunjika.

Tangu katikati ya miaka ya 1960 sheria ya Korea iliwalazimisha wenye kumbi kuonyesha filamu za nyumbani kwa idadi fulani ya siku kila mwaka. Kuanzia 1985 zikawa siku 146. Ukisikia hivyo utadhani sinema yao ilinawiri. Ilididimia. Kufikia 1993 filamu za Kikorea zilikuwa zinapata tiketi takriban 16 tu katika kila 100. Sababu zilikuwa kadhaa. Wenye kumbi walidanganya hesabu za siku. Utawala wa kijeshi ulikuwa na mkasi mkali juu ya hadithi. Na kwa miaka mingi kibali cha kuingiza filamu za kigeni kilipewa aliyetengeneza za nyumbani, basi watu wakawa wanarusha picha za chapuchapu ili wapate kibali, faida yao ikiwa kwenye ile ya kigeni. Sheria ilikuwepo, lakini mlango ulikuwa unafunguliwa kwa nyuma.

Mwaka 1988 Marekani ilipata ilichokuwa ikikishinikiza: studio zake ziruhusiwe kusambaza zenyewe ndani ya Korea bila kupitia msambazaji wa palepale. Picha ya kwanza ilipoingia kumbini Seoul, wapinzani waliingiza nyoka ukumbini, wakawaachia katikati ya watazamaji gizani. Si jambo la kusifu. Lakini linaonyesha watu walikuwa wamefika wapi.

Yaliyofuata ni ya kujifunza. Mwaka 1993 watengenezaji waliunda kikundi chao cha kuzunguka kumbi na kuhesabu wenyewe siku za filamu za nyumbani. Mwaka 1994 ripoti iliyopelekwa kwa rais ilieleza kwamba mapato ya filamu moja ya Marekani ya madubwana ya kale, Jurassic Park, yalilingana na kuuza nje magari milioni 1.5 ya Hyundai. Kwa nchi iliyojivunia viwanda vyake, sentensi hiyo iliwazindua wakubwa. Makampuni makubwa kama Samsung na CJ yakaleta mitaji na kujenga kumbi za kisasa. Mwaka 1996 Mahakama ya Katiba ikatangaza kwamba kukagua filamu kabla haijatoka ni kinyume cha katiba. Kwa hiyo ndani ya miaka michache wakapata vitu vitatu kwa pamoja: fedha, uhuru wa kusimulia, na sheria ya mlango inayosimamiwa kweli. Mwaka 1999 filamu ya kijasusi ya nyumbani, Shiri, iliipita Titanic kwa idadi ya watazamaji nchini Korea. Katikati ya miaka ya 2000 zaidi ya nusu ya tiketi zilikuwa za filamu zao wenyewe.

Kisha Marekani ikarudi mezani. Mwaka 2006, ili mazungumzo ya biashara huria yaanze, Korea ilizipunguza siku 146 kuwa 73. Waigizaji walisimama barabarani katika baridi kali. Choi Min-sik, mmoja wa nguli wao, alirudisha nishani aliyopewa na serikali. Waliogopa yaliyowakuta wengine. Hayakuwakuta, kwa kuwa kufikia hapo walikuwa na wasambazaji wao, kumbi zao na watazamaji wao. Februari 2020 Parasite ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Anayedai "Wakorea walifanikiwa kwa kushindana tu, hawakubebwa" amesahau siku 146. Anayedai "weka sheria ya siku, sinema itakua" amesahau 1993.

India haikuhitaji haya yote. Ina watazamaji wengi, lugha nyingi kila moja na nyota wake, nyimbo ambazo hakuna mgeni anayeweza kuziiga, na wasambazaji wake tangu zamani, hivyo Hollywood huambulia sehemu ndogo ya mapato, hata inapoingiza sauti za Kihindi, Kitamil na Kitelugu. China yenyewe inaushika mlango kwa mkono wa serikali: mwaka 1994 iliruhusu filamu 10 za kigeni kwa mwaka kwa mgawanyo wa mapato, ikapandisha hadi 20, na kuanzia 2012 hadi 34, studio ya kigeni ikipata asilimia 25 ya mauzo. Aprili 2025, ushuru wa Marekani ulipopanda, China ilijibu kwa kutangaza kwamba itapunguza filamu za Marekani inazoziingiza.

Kuna dhana nyingine ya kuondoa, kwamba wengine wote wanaiga Hollywood. Akira Kurosawa wa Japani alizipenda filamu za mashamba na farasi za Mmarekani John Ford. Filamu yake ya mwaka 1954 kuhusu samurai saba, Wamarekani waliigeuza ya watu wa bunduki mwaka 1960. Nyingine yake, ya 1961, Mwitaliano Sergio Leone aliichukua bila ruhusa na kuipiga Hispania mwaka 1964. Wajapani wakadai, wakalipwa asilimia 15 ya mapato, na Clint Eastwood, Mmarekani, akawa nyota kwa picha hiyo ya Kiitaliano. Baadaye, kwenye The Matrix ya 1999, mapigano yalipangwa na Yuen Woo-ping wa Hong Kong. Nani kamwiga nani hapo?

Nasi tumechukuliwa. Simba na Rafiki wa filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994 wana majina ya Kiswahili, na maneno "hakuna matata" Disney iliyasajili Marekani kama alama ya biashara kwenye nguo, usajili ukakamilika 2003. Mwaka 2018 jambo hilo lilizua hasira kubwa mtandaoni, na watu wakasambaza kwamba hatutaruhusiwa tena kuyatamka. Si hivyo: usajili huo unahusu kuyauza kwenye fulana, haukugusa maongezi wala nyimbo. Lakini hasira ninaielewa. Maneno ya bibi zetu kuwa na hati ya umiliki ofisini kwa mtu mwingine, hata kwa fulana tu, ni jambo la kuuma.

Turudi kwa kaka wa kamera. Filamu ya nje ni ipi? Chukua zile za Harry Potter. Mwandishi wa vitabu ni Mwingereza, waigizaji karibu wote Waingereza, studio iko Leavesden karibu na London, na fedha ni za Warner Bros. Au chukua kampuni zenyewe: Sony ni ya Japani na iliinunua Columbia mwaka 1989. Universal imewahi kumilikiwa na Wajapani, kisha Wakanada, kisha Wafaransa, kabla ya kurudi kwa Wamarekani mwaka 2004. Filamu zilizotoka studio ile haikuwa rahisi kuzitofautisha kwa kuangalia mwenye hisa.

Na sehemu kubwa ya filamu ambazo ushuru ule ungezikamata ni za Hollywood yenyewe. Studio zinakwenda kupiga picha Uingereza, Kanada, Australia au Hungaria kwa sababu serikali za huko zinarudisha sehemu ya fedha inayotumika. Hungaria inarudisha asilimia 30. Fundi seremala wa Los Angeles aliyezoea kujenga majengo ya bandia anakaa nyumbani, na mwenzake wa Budapest anapata kazi. Malalamiko ya mafundi wale ni ya kweli, na kuyadharau ni kosa. Ila filamu haifiki bandarini kwenye kontena yenye ankara. Inatumwa kama data. Picha iliyoandikwa California, ikapigwa Budapest, ikawekewa athari za kompyuta London na muziki Vienna, utaitoza ushuru kwenye kipande kipi? Tangazo halikueleza.

Kwa Wanaijeria, ambao soko lao kubwa liko nyumbani na kwa Waafrika wenzao, lisingebadilisha mengi. Kwetu je? Utotoni mwangu banda la video lilikuwa la mabati, benchi za mbao, deki moja na televisheni juu ya kabati lenye kufuli. Tulitazama picha za Hong Kong, za Kihindi na za Kimarekani, na tulichokifuata ilikuwa sauti ya Lufufu, mkalimani wa Dar es Salaam aliyekuwa akiingiza maelezo ya Kiswahili juu ya kanda. Stelingi akikaa kimya anatafakari, Lufufu anatueleza anatafakari nini, na mara nyingine alichotueleza kilikuwa kitamu kuliko kilichoandikwa na mwenye picha. Uganda wana mavijei wao, Kenya wana DJ Afro. Wote walitumia kazi za watu bila kulipa, na sitaficha hilo. Lakini walionyesha kwamba hata mlango ukiwa wa mwingine, mtu aliyekaa mlangoni na lugha ya watazamaji ana nguvu yake. Tamthilia za Kituruki na Kichina zinazosikika leo kwa Kiswahili kwenye televisheni zetu zinapita njia hiyohiyo waliyoifyeka.

Kwa kazi ya kupigia picha, tuliwahi kuwa mahali pa kwanza wanapopafikiria. Mwaka 1962 ilitoka Hatari!, iliyopigwa Tanganyika, upande wa Arusha. Mwaka 1985 ikatoka Out of Africa, iliyopigwa Kenya. Mwaka 2015 ikatoka Eye in the Sky, ambayo kisa chake kiko Nairobi. Ilipigwa Afrika Kusini, nchi inayorejesha sehemu ya gharama kwa wageni. Kwa hiyo ushuru ule ungeanza kuwauma wa Cape Town kabla haujafika kwetu.

Niliyaandika haya kwa ufupi kwenye kundi. Kaka wa kamera akakaa kimya hadi jioni, kisha akauliza: siku hizi yeye na wenzake wanapiga tamthilia na kuzipakia YouTube, hawana msambazaji wala ukumbi, sasa mlango wao unashikwa na nani? Nikamwambia ni YouTube yenyewe, mali ya kampuni ya Google, ndiyo inayopanga tangazo gani liwekwe, yeye apate fungu gani, na video ya nani ijitokeze kwanza kwenye simu ya mtazamaji. Akauliza ofisi zao ziko wapi. San Bruno, California, mwendo wa saa sita hivi kwa gari kutoka Hollywood.